Moshi wa Jikoni, Ni Nani Anayeulipia?

(Mada iliyotolewa na fundi mmoja wa meko mbele ya vijana na akina mama baada ya swala ya Alasiri, wiki mbili kabla ya Ramadhan. Tumeiandika kama ilivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyofuata.)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kwanza namshukuru Allah (S.W.T.) aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Pili namshukuru mwenyekiti wa vijana kwa kunipa nafasi hii, ingawa mimi si sheikh wala si maalim. Mimi ni fundi wa udongo na bati, mikono yangu mwaiona. Mlipoambiwa leo kuna mada, pengine mlitarajia kusikia fadhila za kufunga au hukumu za swaumu. Hayo yana wenyewe, na mtayasikia inshallah. Mimi nimeambiwa nizungumze juu ya jiko la kuni. Nimewaona baadhi yenu mkitazamana na kucheka: jiko nalo lina mada gani? Kuni watia, moto wawasha, chakula chaiva. Basi nipeni nusu saa tu, halafu tuone.

Kwa nini nasimama hapa

Mama yangu, Allah amrehemu, alikuwa akiuza mahamri na mbaazi. Kila siku aliamka saa tisa za usiku, akawasha moto ndani ya kibanda cha makuti kisichokuwa na dirisha. Biashara ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Kikohozi alikuwa nacho tangu mimi niko darasa la tano. Sisi watoto tulikizoea, hata tukawa twajua mama yuko wapi kwa kusikia kikohozi chake. Alipofika miaka hamsini na kitu, akawa hawezi kutoka nyumbani mpaka kisimani bila kupumzika mara mbili.

Tukampeleka hospitali. Daktari akampima kifua, kisha akaniuliza mimi: "Mama huvuta sigara?" Wallahi nilikasirika. Mama yangu hakupata kushika sigara maisha yake yote. Daktari akasema, pole kijana, lakini mapafu haya ni kama ya mtu aliyevuta miaka mingi. Kisha akauliza: "Hupikia nini?" Nikamwambia, kuni. Akatikisa kichwa, akaandika.

Kuna jambo sikumwambia daktari yule, na leo nawaambia nyinyi. Kuni zile nilizileta mimi. Nilikuwa nikitoka madrasa nakata matawi mabichi ya mwembe na mkanju, kwa sababu mbichi hukatika upesi kwa panga, nayatupa mlangoni, nakimbilia mpira. Mama akilalamika kwamba kuni zatoka povu, mimi namjibu, "Zitashika tu mama, pulizia." Naye akapulizia. Miaka na miaka akapulizia, uso umeinama kwenye moshi, na mdogo wangu yuko mgongoni.

Ndugu zangu, hili si la mama yangu peke yake. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 pekee watu milioni 3.2 walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Moshi huu huleta nimonia kwa watoto, na kwa wakubwa huleta ugonjwa wa kubanwa na kifua, maradhi ya moyo, kiharusi, mtoto wa jicho na saratani ya mapafu. Hapa Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya nyumba zote hupikia kuni. Kwa hivyo tunazungumza habari za mama zetu, dada zetu na wake zetu.

Na sasa yaja Ramadhan. Mwezi mzima tutakuwa tukipika futari nyuma ya msikiti, sufuria kubwa kubwa, kila jioni. Watakaopika wamefunga, koo zimekauka, na mwenye kufunga hawezi hata kuteremsha moshi kwa funda la maji. Mwaka jana dada mmoja mwenye pumu alikuja siku nne, ya tano hakuonekana. Tukasema amechoka. Hakuchoka. Moshi ulimfukuza katika thawabu yake, na waliouwasha ni sisi.

Moshi ni nini?

Watu wengi wanadhani ukuni unapowaka, ni mti wenyewe unaowaka. Sivyo hasa. Ukuni ukipata joto, kwanza maji yaliyomo hugeuka mvuke. Maji yakishatoka, joto likipanda kupita kama digrii 200, mti huanza kutoa hewa na mafuta yake. Hiyo hewa ndiyo inayoshika moto, na ndiyo ule mwali mnaouona. Kinachobaki ni kaa, nalo huwaka mwishoni.

Sasa hewa ile ikikosa joto la kutosha, au ikikosa pumzi ya kutosha, haiungui. Yapanda juu hivyo hivyo. Huo ndio moshi. Yaani moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Umezinunua, umezibeba, umezipasua, kisha umezipeleka kwenye macho ya mpishi na kwenye makuti ya paa. Na masizi yale meusi chini ya sufuria ni mali yako pia.

Ndiyo maana nasema habari ya afya na habari ya mfuko ni habari moja. Moto usiotoa moshi ndio moto unaokula kuni kidogo. Na dini yetu imetukataza israfu, hata katika maji ya kutawadhia. Itakuwaje basi kwa mti uliokua miaka kumi?

Mambo matano ya moto safi

La kwanza: kuni ziwe kavu. Ukuni uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Ukijitwika mzigo wa kilo 10 za kuni mbichi, umejitwika kama lita 5 za maji kichwani. Lita hizo zote sharti zigeuke mvuke kabla mti haujawaka vizuri. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka yote yawe mvuke kwataka joto kama mara saba ya lile la kuyachemsha kutoka ubaridi wa mtungini. Moto wako wafanya kazi hiyo kwanza, huku wapoa na kutoa moshi. Ukuni uliokaushwa vizuri hubaki na maji chini ya sehemu 20 katika 100.

Utajuaje ukuni umekauka? Ncha zake zina nyufa. Ganda lavuliwa kwa mkono. Ukigonga viwili walia kama mbao, wala hauna mlio mzito wa kububu. Na ukiutia motoni hautoi povu wala kufyonza kama chai yenye moto. Ukiona povu, toa huo ukuni, ukaanike.

La pili: pasua nyembamba. Gogo zima huwaka kwa nje tu, ndani lipo baridi. Pasua zikae unene wa kidole gumba mpaka unene wa kiwiko cha mtoto. Kwa sufuria kubwa za futari waweza kuzidisha, lakini usifike unene wa paja. Kazi hii ya shoka ni ya vijana, msiwaachie akina mama.

La tatu: ncha tu ndizo ziwake. Hapa ndipo wengi wetu twakosea. Mtu ajaza kuni mpaka mlango wa jiko wafungika, akidhani moto mwingi ni chakula upesi. Kumbe amefunga njia ya pumzi. Panga vipande vitatu vinne, ncha zikutane katikati, nafasi iwe baina yao. Zikiliwa, sukuma ndani kidogo kidogo. Wataka moto mkali, sukuma. Wataka moto wa polepole, vuta nje. Ukuni ndio kifungulio cha jiko lako, kama kile cha jiko la gesi.

La nne: hewa ipite chini ya kuni. Kuni zikilala juu ya majivu, hewa yapita juu yao ikiwa baridi, yapoza moto na kupooza mwali. Weka wavu wa chuma au kipande cha bati kama rafu mlangoni: kuni zilale juu ya rafu, hewa iingie chini yake. Ipite kwenye makaa, ipate joto, ndipo ikutane na mwali. Na kila asubuhi toa majivu. Jiko lililojaa majivu ni kama mtu aliyezibwa pua.

La tano: sufuria ikumbatiwe na moto. Joto la mafiga matatu, hasa penye upepo, laenda zake uani. Katika sehemu 100 za joto la kuni, mara nyingi 10 mpaka 15 tu ndizo huingia katika chakula. Ukiizunguka sufuria kwa bati, ukaacha mwanya wa kama unene wa kidole pande zote, moto hulazimika kupanda ukigusa ubavu wote wa sufuria. Mwanya ukiwa mpana sana joto lakimbia. Ukiwa mwembamba sana moto wakosa njia, na moshi warudi mlangoni. Nitawaambia mimi nilivyojifunza hili.

Jiko lenyewe, na kosa langu

Habari ya majiko bora si ngeni nchini kwetu. Katika miaka ya 1980 palitengenezwa jiko la kuni lenye chungu cha udongo ndani, likaitwa Maendeleo kwa sababu chama cha Maendeleo ya Wanawake kilikuwa katika kazi hiyo. Baadaye likajulikana kwa jina la Upesi, na akina mama wafinyanzi wa upande wa Kisumu wakapata riziki kwa kulitengeneza. Huko Marekani, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, mhandisi aitwaye Larry Winiarski alipanga kanuni za jiko tunaloliita roketi. Leo kanuni zake hutumika katika nchi nyingi.

Jiko la roketi ni jambo jepesi. Fikiria bomba lililopinda kama kiwiko cha mkono. Kuni zaingia kwa mlango wa chini, moto wapanda kwenye shingo, sufuria yakaa juu. Kwa jiko la nyumbani, mlango huwa kama sentimita 12 kwa 12, na shingo huwa na urefu wa mara mbili mpaka tatu ya upana huo. Upana wa njia ya moto usibadilike: ukiwa sentimita fulani mlangoni, uwe hivyo hivyo mpaka juu. Na kuzunguka shingo ile hutiwa kitu chepesi cha kuzuia joto lisitoroke, kama majivu makavu au matofali ya udongo uliochanganywa na unga wa mbao. Unga ule huungua tanurini, ukaacha vitundu ndani ya tofali. Shingo ikipata moto sana, ile hewa ya mti yote yaungua kabla ya kufika kwenye sufuria. Ndipo moshi unapopotea.

Sasa nieleze kosa langu. Jiko kubwa la kwanza nililojenga nilijengea madrasa moja. Nilitaka wanisifu. Nikajenga kwa mawe mazito, nikaona nimefanya kitu cha kudumu. Mlango nikaufanya mpana, ili gogo zima liingie, na sufuria nikaikalisha imebana kabisa kwenye shimo lake. Siku ya kwanza moshi ulitoka mlangoni kama gari bovu. Siku ya tatu akina mama wakarudi kwenye mafiga nje. Mimi nikasema hawa hawajui kutumia vitu vya kisasa, nikalaumu watu mtaa mzima.

Mama mmoja mtu mzima akaniita. Akaniambia, "Mwanangu, kesho njoo upike wewe." Nikaenda. Nilipika uji na maharagwe kuanzia Alasiri, na nilipotoka pale macho yalikuwa mekundu, na kifua chauma. Mawe yale yalikuwa yakinywa joto lote saa nzima kabla sufuria haijapata lake. Mlango mpana uliingiza hewa baridi kuliko moto uliokuwepo. Na sufuria ilikuwa imekaba koo la jiko. Nilibomoa, nikajenga upya mara mbili. Tangu siku ile sikabidhi jiko kabla sijalipikia mwenyewe mbele ya wapishi, nao wakaniambia kasoro zake. Anayejua jiko ni anayeinama mbele yake kila siku.

Vitu visivyoingia motoni

Nimeona nyuma ya msikiti watu wakiwasha moto kwa mifuko ya plastiki, vipande vya tairi, viatu vya mpira. Tafadhali tuache. Moshi wake ni sumu, na waingia katika chakula cha watu waliofunga.

Mbao zilizopakwa rangi pia zisiingie, wala mbao za mashua kuukuu. Nguzo za umeme na fito zilizotiwa dawa ya mchwa, zile zenye rangi ya kijani kibichi, ni hatari zaidi. Dawa ile mara nyingi huwa na arseniki, na sumu hiyo hubaki hata katika majivu. Magogo yaliyookotwa pwani yamejaa chumvi, na chumvi hula chuma cha jiko na kuharibu moshi. Mnyaa usiuguse, utomvu wake ni adui wa macho. Na maganda ya korosho yana mafuta makali yanayochoma ngozi, na moshi wake wawasha macho na kifua.

Washeni kwa vibanzi vikavu, makumbi ya nazi au makuti makavu kidogo, kisha vifuu, kisha kuni nyembamba. Moto mdogo wenye kung'aa kwanza, ndipo uongeze. Dakika kumi za mwanzo ndizo zenye moshi mwingi. Basi washeni kabla wapishi hawajakusanyika, na watoto wawe mbali.

Kama ni kununua, mvinje ni katika kuni bora kabisa, nao hupandwa kwa wingi huku Kwale na Kilifi. Mikoko tuiache baharini. Pale ndipo samaki na kamba huzalia, na mwenye kuikata ajikatia kitoweo chake. Mnakumbuka Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma, na bei za kuni na makaa zikapanda. Mwenye kujua kutumia ukuni mmoja mahali pa viwili hakutikisika sana.

Jioni ya futari

Nusu ya kazi ya kupunguza moshi hufanyika mbali na moto. Maharagwe, mbaazi na pojo zirowekwe tangu usiku. Zitaiva kwa muda mfupi zaidi. Maji ya kurowekea yamwagwe, na maharagwe yachemke sawasawa, si chini ya dakika 10, ndipo moto upunguzwe.

Sufuria ifunikwe. Ikishaanza kuchemka, vuta kuni nje. Maji yanayochemka polepole na yanayochemka kwa fujo yana joto moja, kama digrii 100. Moto mkali hauivishi maharagwe upesi zaidi, wageuza tu maji kuwa mvuke, na tumeshaona jambo hilo linavyokula kuni. Mchuzi ukikauka mwaongeza maji baridi, mwaanza upya.

Kuna na hila ya kikapu. Kikapu kikubwa kilichotandikwa makumbi, nguo kuukuu au sufi, chenye mto wa kufunika juu. Uji au wali uliochemka vizuri ukitiwa humo na sufuria yake moto moto, huendelea kuiva wenyewe bila ukuni hata mmoja. Wapishi wataweza kutawadha na kukaa wakisubiri adhana kama watu wengine. Muhimu chakula kiliwe kingali moto. Kikipoa, kipashwe mpaka kichemke, kisilale humo mpaka daku.

Sima, viazi karai na bhajia zataka moto unaoonekana, hizo zipikwe mwisho. Na pembeni ya karai la mafuta iwepo ndoo ya mchanga na kifuniko. Mafuta yakishika moto, yafunikwe. Maji yasimwagwe kamwe. Watoto saa ile hukimbizana sana, wapewe kazi ya kupanga tende mbali na meko.

Jambo moja la hatari kubwa

Usiku wa mvua mtu huona makaa yaliyobaki mekundu mazuri, hayana moshi, akayaingiza chumbani yapashe joto, au apikie daku ndani milango imefungwa. Ndugu zangu, makaa yasiyo na moshi yana hewa ya sumu iitwayo monoksaidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Kichwa chaanza kuuma, usingizi waja, na mtu haamki tena. Makaa yalale nje. Ukisikia kichwa chauma na kizunguzungu chumbani mwenye jiko, toka nje upesi na mtoe kila mtu, kisha mtafute daktari.

Ombi langu

Kwa vijana wa kiume: tumebakiwa na wiki mbili. Kuni zilizo nyuma ya msikiti nimezitazama, nusu ni mbichi. Jumamosi baada ya Alfajiri tukutane na mashoka. Tuzipasue nyembamba, tuzipange juu ya mawe zisiguse ardhi, pande ziwe wazi upepo upite, juu tuweke bati. Miaka hii Ramadhan yaangukia majira ya kaskazi, jua tunalo. Wiki mbili hazitamaliza kazi, lakini kuni nyembamba zitapungua maji mengi. Zile zilizobaki nzito tuziweke kando ziwe za mwaka kesho, na kila mwaka tuwe na kuni zilizokatwa mwaka uliopita. Kuni zinazokaribia kukauka zisitundikwe juu ya meko, nyumba zimeungua kwa namna hiyo.

Meko mawili ya roketi nitajenga mimi, sitaki malipo. Nataka matofali, bati moja kuukuu, na dada wawili watakaoyapikia kabla ya mwezi kuandama, waniambie ukweli. Na yule dada mwenye pumu nimeomba aambiwe arudi. Asikae mbele ya moto, lakini kazi za kuroweka na kupanga zipo tele, na ajira ya mwenye kufuturisha haina mpaka mmoja.

Kwa nyinyi mnaopikiwa nyumbani: leo mkirudi, ingieni jikoni. Kaeni pale dakika kumi moto ukiwaka, mkae kwa urefu ule ule anaokaa mama. Kisha muulizane ni nani aliyeleta kuni zile.

Maswali

Dada mmoja aliuliza: Si bora tutumie gesi tukamaliza?

Jibu: Ndiyo, ni bora kwa kifua. Mwenye uwezo wa gesi aitumie, simzuii, hata kwa chai ya daku peke yake itakuwa nafuu. Lakini sufuria za futari ya msikiti ni kubwa na mfuko wetu ni mdogo, na nyumba nyingi mtungi ukiisha katikati ya mwezi hurudi kwa kuni. Basi kuni zikiwepo, zitumike vizuri. Na hata jiko zuri la kuni bado lina moshi kidogo, kwa hivyo pikeni mahali penye hewa inayopita, dirisha huku na dirisha kule, au bomba la moshi lililopita paa na linalofagiliwa masizi.

Mzee mmoja aliuliza: Moshi si ndio unaofukuza mbu na kuhifadhi makuti yasiliwe na wadudu?

Jibu: Ni kweli mzee wangu, makuti yaliyofukizwa hudumu. Lakini makuti hununuliwa tena. Na mbu, chandarua chatosha.

Kijana mmoja aliuliza: Biriani ya kuni ladha yake itapotea kukiwa hakuna moshi?

Jibu: Ladha ile yatokana na makaa yanayowekwa juu ya kifuniko na subira ya mpishi. Makaa yatakuwepo, tena mazuri zaidi, kwa sababu kuni kavu huacha kaa safi. Machozi ya mpishi hayajawahi kuwa kiungo.

Namwomba Allah ajaalie mama zetu waliotangulia nuru katika makaburi yao, awape afya waliobaki, na atufikishe Ramadhan salama, sisi na wanaotupikia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.